Mlinzi Mlangoni, Mteja Mashakani

Ndugu msomaji, haya ni mazungumzo yangu ya redio ya wiki hii, yanayoletwa kwako kwa maandishi kama ilivyo ada. Leo tuzungumzie jambo ambalo mkazi wa mji hulipitia karibu kila wiki na kulinung'unikia kimoyomoyo: ulinzi wa madukani.

Zamani ukiingia dukani ulianza kwa salamu. Siku hizi, katika maduka mengi makubwa ya hapa Mwanza na miji mingine, unaanza kwa begi. Kabla hujasema unataka nini, umeshaambiwa acha mfuko hapo, chukua namba. Ukizunguka kwenye shelfu kuna mtu nyuma yako. Ukishalipa, mwingine mlangoni anadai risiti, anachungulia mfuko, anapiga tiki, ndipo unapata ruhusa ya kutoka na mali uliyoinunua kwa fedha yako mwenyewe. Hebu tujiulize: utaratibu huu ulitoka wapi, unamlinda nani, na unamgharimu nani?

Tuanze na asili yake. Katika duka la kaunta, mteja na bidhaa walitenganishwa na meza. Wewe ulitaja, muuzaji akaleta. Ndivyo yalivyokuwa maduka ya Waasia katikati ya mji wetu, na ndivyo yalivyokuwa maduka ya umma baada ya Shirika la Biashara la Taifa, STC, kuundwa mwaka 1967, na baadaye makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Wakubwa zetu wanakumbuka foleni za sabuni na sukari za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shida ya wakati huo ilikuwa bidhaa kupotelea mlango wa nyuma kabla hazijafika kaunta. Mwaka 1983 Serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na anayekumbukwa zaidi katika vita hiyo ni Waziri Mkuu wa wakati huo, Hayati Edward Sokoine. Ulinzi ulimwelekea mwenye duka na mtumishi wake.

Kumbe kwingineko duniani mambo yalikuwa yameshageuka. Mwezi Septemba 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Humo mteja aliingia mwenyewe, akachukua kikapu, akajipakulia bidhaa kwenye rafu na kupeleka kwa mpokea fedha. Gharama ya wauzaji ikapungua na mauzo yakaongezeka. Hiyo ndiyo mbegu ya supamaketi zote tunazoziona leo, pamoja na zile za Rock City Mall.

Lakini faida hiyo ilikuja na deni lake. Mwenye duka alipoondoa kaunta, aliondoa pia ukuta uliokuwa ukilinda mali yake. Saunders mwenyewe aliweka vizuizi vya kuzunguka mlangoni na njia moja tu iliyokupitisha kwenye rafu zote hadi kwa mpokea fedha. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza mteja alipopewa uhuru wa kushika bidhaa, alitiliwa shaka pia. Mlinzi wa leo ni mjukuu wa shaka hiyo.

Mitaani kwetu, Igoma, Buzuruga au Mabatini, wenye maduka wamechagua njia nyingine. Wameweka wavu wa chuma au nondo kuanzia kaunta hadi darini. Mteja anasimama nje, jua la saa nane likimchoma, anapitisha noti kwenye tundu na kupokea robo ya sukari kwenye tundu lile lile. Hapo hakuna anayepekuliwa. Lakini hapo pia huwezi kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa, wala kulinganisha bei ya dawa mbili za meno. Umelindwa dhidi ya aibu, ukanyimwa macho.

Sasa tuwatendee haki wenye maduka, maana wizi upo, na si mchezo. Mali ya dukani hupotea kwa njia kuu nne. Kwanza, wateja wasio waaminifu. Pili, wafanyakazi wa ndani, kuanzia anayepanga bidhaa hadi keshia anayempitishia rafiki yake vitu vitano na kumtoza vitatu. Tatu, wanaoleta mizigo, katoni ishirini zikiandikwa na kumi na nane zikishushwa. Nne, makosa ya hesabu na bidhaa kuharibika. Angalieni vizuri orodha hiyo. Njia tatu kati ya nne hazipiti mlango wa mbele. Lakini nguvu kubwa ya ulinzi imewekwa mlango wa mbele, kwa sababu huko ndiko kuna mtu asiye na mkubwa wa kumtetea: mteja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kopo la maziwa ya mtoto limenunuliwa kwa shilingi 17,000 na kuuzwa kwa shilingi 20,000. Likiibwa moja, tajiri amepoteza 17,000. Kila kopo analouza linampa 3,000, tena kabla hajalipa pango, umeme na mishahara. Kwa hiyo anatakiwa kuuza makopo sita ili kufidia lile moja. Mtu akiijua hesabu hiyo, hawezi kumcheka mwenye duka anayeweka mlinzi.

Katika baadhi ya maduka kuna nguzo mbili mlangoni ambazo hulia mtu akipita. Wengi huziogopa bila kujua zinafanya nini, nami naona ni vema nieleze. Teknolojia hii ilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1960. Ndani ya kibandiko kilichobandikwa kwenye bidhaa mna kipande chembamba cha chuma. Nguzo hutoa mawimbi ya sumaku kwa vipindi vifupi vifupi, na kipande kile hutikisika kama kengele iliyogongwa. Mawimbi yakinyamaza, chenyewe huendelea kutikisika kitambo kidogo, na nguzo ikiusikia mtikisiko huo hupiga kelele. Ukilipa, keshia hupitisha bidhaa juu ya kifaa kinachobadilisha usumaku wa kibandiko, kikawa kimya. Aina nyingine hutumia waya mwembamba uliozungushwa kwenye karatasi, nao keshia huuzima kwa kifaa chake.

Kutokana na maelezo hayo utaona jambo moja muhimu sana. King'ora kikilia hakisemi "huyu ni mwizi". Kinasema tu kwamba hapa pamepita kibandiko ambacho hakijazimwa. Huenda keshia alisahau. Huenda kibandiko kimo ndani ya kiatu ulichonunua duka jingine wiki iliyopita. Huenda mitambo ya umeme iliyo jirani imevuruga mawimbi. Mashine haijui nia ya mtu, na wizi kisheria haukamiliki bila nia ya udanganyifu.

Msikilizaji wetu mmoja, mama mtu mzima, alinisimulia yaliyomkuta katika duka moja hapa mjini. Alinunua losheni na nguo za mjukuu, akalipa, akapewa risiti. Kufika mlangoni king'ora kikalia. Mlinzi kijana akamshika mkono, akamrudisha ndani, akamwaga vitu vyake mezani mbele ya foleni nzima. Kikapatikana kibandiko kwenye nguo, na risiti ilionyesha kwamba nguo hiyo imelipiwa. Keshia akakizima. Mlinzi akasema, "Haya mama, nenda." Basi. Pole hakupewa. Mama yule aliniambia kwamba losheni alikwenda nayo nyumbani, lakini hajaipaka. Kila akiiona anakumbuka macho ya watu wa kwenye foleni.

Ndugu zangu, huyo mama alikuwa na bahati. Nasema hivyo kwa sababu sote tunalijua neno "mwizi" na nguvu yake katika miji yetu. Likitamkwa kwa sauti kwenye mlango unaoelekea barabarani, hakuna anayeuliza risiti. Magazeti yetu yana msemo wake, "wananchi wenye hasira kali", na habari za namna hiyo huishia hospitali au makaburini. Mlinzi anayepaza sauti "mwizi huyo!" kwa ajili ya kopo la maziwa anaweza kuwa ametoa hukumu ambayo hakuna hakimu wa nchi hii angeitoa kwa kosa hilo. Hapo suala la ulinzi wa dukani linaacha kuwa suala la adabu na kuwa suala la uhai.

Je, sheria inasemaje? Mlinzi wa kampuni binafsi si askari polisi, hata akivaa sare na buti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa raia nafasi ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake katika mazingira iliyoyataja. Lakini inamtaka aliyekamata amkabidhi mtu huyo kwa polisi pasipo kuchelewa. Hairuhusu kumfungia stoo, kumpiga, wala kumtoza faini ya papo kwa papo. Aidha, inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Na Katiba yetu, katika Ibara ya 13, inakataza mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Ikiwa hata aliyeshtakiwa ana kinga hiyo, sembuse aliyekwenda kununua sabuni!

Turudi kwenye begi. Hapa pana jambo ambalo wengi hatukuliona likija. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na ilikuwa hatua njema kwa mazingira yetu na kwa Ziwa letu. Kabla ya hapo, mfuko wa duka ndio uliokuwa ushahidi kwamba umelipa. Uliingia mikono mitupu, ukatoka na mfuko. Baada ya marufuku tukahimizwa kutoka nyumbani na vikapu na mifuko ya kitambaa. Raia akatii, akaja na kikapu chake, na mlangoni akaambiwa kikapu hakiingii. Sheria inasema njoo na mfuko, duka linasema mfuko unakufanya utiliwe shaka.

Na ukiuacha mfuko huo kwa mlinzi, juu ya kichwa chake kuna kibao kinachosema kwamba duka halitahusika na upotevu wa mali yako. Yaani wewe unalazimishwa kumwamini mlinzi na mali yako, huku yeye amelipwa ili asikuamini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayepokea mali ya mwenzake kuitunza kwa uangalifu ule ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Duka linalokulazimisha kuacha begi lenye simu na kitambulisho halina budi kuwa na kabati lenye kufuli na ufunguo wa kumpa mteja. Rundo la mabegi sakafuni si utunzaji.

Wanaoumia zaidi na utaratibu huu ni wageni wa mji. Mwanza ni mji wa watu wa majini na ng'ambo. Wanakuja kutoka Ukerewe kwa meli ya Nansio, kutoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, na tangu Juni 2025 kupitia Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi. Mtu kauza dagaa wake Mwaloni Kirumba, ana fedha taslimu, ana kiroba na ndala, ana siku moja ya kununua mahitaji ya miezi miwili. Mlinzi anamfuata rafu kwa rafu. Nyuma yake anaingia bwana mwenye suti na mkoba wa ngozi, anapigiwa saluti na mkoba wake unaingia. Nimelishuhudia hili zaidi ya mara moja, katika maduka tofauti. Mwizi mzoefu naye analijua, ndiyo maana havai ndala.

Kanda ya Ziwa si wageni wa ulinzi. Sungusungu walianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Walikuwa na kasoro zao, na baadhi ya hukumu zao zilikuwa za kikatili. Lakini mlinzi wa zamu kijijini alimjua kila mtu na ukoo wake. Mlinzi wa supamaketi hamjui yeyote. Kwa hiyo hutumia alichonacho: mavazi, lafudhi, na ukubwa wa mfuko. Hiyo ni ramli, siyo ulinzi.

Nisieleweke vibaya. Kuna upekuzi ambao naukubali bila kinyongo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67. Kupitisha kifaa cha kutambua chuma mwilini mwa mteja anapoingia, au kioo chini ya gari lake, ni kulinda roho yake na ya jirani yake. Upekuzi huo hufanywa wakati wa kuingia, kwa kila mtu, na kwa haraka. Upekuzi wa kutoka unalinda mali ya tajiri. Vyote viwili vinaweza kuwa halali, lakini tusiviite jina moja.

Na wakati mwingine vinapingana kabisa. Tarehe 1 Agosti 2004 supamaketi ya Ycuá Bolaños iliungua mjini Asunción, Paraguay. Karibu watu 400 walikufa, na milango ilikuwa imefungwa ili watu wasitoke na bidhaa bila kulipa. Wenye duka na mlinzi walihukumiwa vifungo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapoingia duka kubwa, tafuta kwa macho mlango wa dharura. Ukiuona una kufuli, au umezibwa na katoni za mafuta ya kula, mwambie meneja, na akipuuza wapelekee taarifa Zimamoto.

Kuhusu kamera, zinasaidia, hasa kwa zile njia tatu zisizopita mlango wa mbele. Lakini picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kukusanya picha kwa ajili ya usalama wa duka ni jambo moja, kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa maneno "huyu ni mwizi" ni jambo jingine kabisa. Kule Marekani, Desemba 2023, tume ya biashara ya serikali ilichukua hatua dhidi ya maduka ya dawa ya Rite Aid. Kompyuta zao za kutambua sura ziliwafananisha wateja wasio na hatia na wezi, na kampuni ikazuiwa kutumia mitambo hiyo kwa miaka mitano.

Sasa turudi kwenye lile kopo la maziwa, maana tajiri anataka hesabu. Chukua mama anayenunua vitu vya shilingi 60,000 kila mwezi, kwa faida ile ile ya shilingi 15 katika kila 100. Anakuingizia 9,000 kwa mwezi, yaani 108,000 kwa mwaka. Mdhalilishe mara moja, ahamie duka la jirani, na umepoteza thamani ya makopo sita yaliyoibwa. Naye hatahama peke yake. Atasimulia kanisani, msikitini, kwenye kikoba na saluni. Hata kufungia bidhaa kabatini kuna gharama. Januari 2025 mkuu wa maduka ya dawa ya Walgreens ya Marekani, Tim Wentworth, alikiri kwamba ukizifungia bidhaa unauza chache zaidi. Mteja hamsubiri mwenye ufunguo.

Nini kifanyike? Wenye maduka waanze kwa kupunguza nafasi ya wizi badala ya kumwandama mtu. Bidhaa ndogo za bei kubwa zikae karibu na keshia, rafu ziwe fupi, taa ziwake, na mlango wa stoo uhesabiwe kila jioni. Mhudumu anayesalimia "Karibu mama, nikusaidie nini?" anamsumbua mwizi kuliko kirungu, maana mwizi hapendi kuonwa, na mteja mwema hufurahi kuonwa. King'ora kikilia, neno la kwanza liwe "samahani, huenda hatukuzima kibandiko", na ukaguzi ufanywe pembeni. Anayetoa tuhuma isiyo na ukweli aombe radhi mbele ya wale wale walioisikia.

Mlinzi naye atazamwe. Nimezungumza na baadhi yao. Wanasimama saa kumi na mbili, mshahara ni mdogo, na wengine huambiwa kitu kikipotea watakatwa wao. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atamwona kila mteja kuwa ni mkato wa mshahara wake. Ukitaka mlinzi mwenye adabu, mfundishe, na usimlipishe mali ambayo hakuiiba.

Nasi wateja tuna wajibu. Tudai risiti kila tunaponunua, maana sheria ya kodi inatutaka hivyo na risiti ndiyo wakili wetu wa kwanza mlangoni. Tuioneshe bila matusi inapoombwa kwa heshima. Tusiwe wepesi kuinua mawe neno "mwizi" linaposikika. Ukitaka kupekuliwa mwili na mlinzi, una haki ya kusema: niite meneja, na kama mnanituhumu, niite polisi. Sema hivyo kwa utulivu, ukiwa ndani ya duka, usitoke barabarani.

Biashara ni kuaminiana. Muuzaji hukuamini kwamba utalipa, nawe unamwamini kwamba mizani yake ni ya haki na maziwa yake hayajapitwa na wakati. Duka ambalo limeshindwa kukuamini kwa dakika kumi halina sababu ya kutegemea kwamba wewe utaliamini mwaka mzima. Fedha ni yako, na milango ya maduka Mwanza ni mingi.